Kifundo kisichokunjika: Tafuta kiatu kitakachokutembeza

SIMAMA asubuhi karibu na lango la mpaka mjini Busia, utazame miguu ya watu. Kuna wachukuzi waliojitwika magunia, akina mama wenye mabeseni ya samaki, mawakala wa forodha wanaokimbiza stakabadhi, na watu wenye ulemavu wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni bidhaa za kuvushwa. Hapa, asiyetembea hali.

Katika msongamano huo huenda ukamwona mtu anayekwenda kwa hatua fupi, wayo wake umeelekea nje kidogo na kisigino kinainuka mapema kuliko cha wenzake. Hakuumia leo. Kifundo chake cha mguu kiliunganishwa na madaktari na hakitakunjika tena.

Ikiwa mtu huyo ni wewe, msomaji, au ni mzazi wako au ndugu yako, basi makala haya yanakuhusu. Wengi hudhani kwamba upasuaji ukishafaulu na plasta ikitolewa, kazi imekwisha. Kumbe kuna jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi vya kutosha. Nalo ni kiatu.

KWA NINI KIFUNDO KIUNGANISHWE?

Kifundo cha mguu ni mahali ambapo mifupa miwili ya muundi hukutana na mfupa mdogo unaokaa juu ya kisigino. Mifupa hiyo imefunikwa kwa gegedu laini linaloiwezesha kuteleza bila kusuguana. Gegedu likiharibika, mfupa husaga mfupa, na kila hatua huwa ni adhabu.

Sababu kubwa ya uharibifu huo ni kuvunjika. Bodaboda ilianzia papa hapa mpakani katika miaka ya 60, wakati vijana wa baiskeli walipowavusha wasafiri kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Tangu mwaka wa 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea ushuru wa VAT pikipiki zisizozidi sisi 250, baiskeli zilianza kuzipisha pikipiki. Biashara ilinawiri, lakini wodi za mifupa nazo zilipata wageni wengi. Pikipiki ikianguka, mguu ndio hubaki chini yake.

Wengine huumia kwa sababu mfupa uliovunjika uliunganishwa vibaya na mganga wa kienyeji, au kwa sababu walichelewa kufika hospitalini. Baridi yabisi, kifua kikuu kilichoingia kwenye viungo, na miguu iliyolegezwa na polio utotoni pia huweza kumfikisha mtu kwenye meza ya upasuaji.

Daktari hukwangua gegedu lililobaki, huibananisha mifupa kwa skrubu, bamba au chuma kirefu, kisha huiacha iote pamoja kama mfupa mmoja. Aghalabu huchukua kama majuma 12 kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kuukanyagia mguu bila kizuizi, na wengine huchukua muda zaidi. Anayevuta sigara hujichelewesha mwenyewe, kwa kuwa moshi huzuia mfupa kuota.

Zipo pia hospitali duniani zinazoweka kifundo bandia. Lakini kifundo hicho huchakaa, na kwa mtu wa kazi nzito madaktari wengi bado hupendelea kuunganisha. Ukiunganishwa, maumivu mengi huondoka, ila mwendo wa kifundo nao huondoka.

HATUA MOJA INA MENGI

Vua viatu utembee polepole, ukiyafuatilia mambo haya. Kisigino hutua kwanza. Kisha muundi huinama mbele ya wayo, kisigino huinuka, na vidole husukuma ardhi. Bila kifundo kukunjika, muundi hauwezi kuinama mbele ya wayo.

Mwili haukubali kusimama, kwa hivyo hutafuta njia ya kando. Goti husukumwa nyuma, au wayo hugeuzwa nje ili mtu aupitie kwa ubavu. Viungo vidogo vya katikati ya wayo navyo hulazimishwa kukunjika zaidi ya desturi yake. Miaka ikipita, viungo hivyo jirani huanza kuuma na kuchakaa. Ndipo mtu husema, "Nilipona kifundo, sasa nimeshikwa na wayo."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa kwa kiatu. Kwa kuwa kifundo hakikunjiki, kiatu ndicho kinachopaswa kubiringika badala yake.

KIATU KINACHOFAA

Ukienda dukani, chukua muda wako. Nenda jioni, wakati miguu imevimba kwa shughuli za mchana, na ujaribu viatu vyote viwili ukiwa umesimama. Kisha pima mambo haya:

Soli. Kiweke kiatu juu ya meza, ukibonyeze kwenye ncha. Kikiinuka nyuma na kurudi kama mtumbwi unaoyumba majini, hicho ni rafiki yako. Soli iliyopindwa juu mbele hukubiringisha kutoka kisigino hadi vidoleni. Halafu jaribu kukikunja kwa mikono. Kikikunjika katikati kama chapati, kiache. Soli yako yafaa iwe ngumu.

Kisigino. Sehemu ya nyuma inayoshika kisigino iwe imara, isibonyee ovyo kwa vidole viwili. Chini ya kisigino pawe na mpira laini, kwani kifundo chako hakipunguzi tena kishindo cha kutua.

Urefu. Madaktari wengi huunganisha kifundo wayo ukiwa sambamba na ardhi. Mtu wa namna hiyo husaidiwa na kisigino kifupi, cha sentimita moja hadi mbili hivi. Kiatu bapa kabisa huweza kulisukuma goti nyuma, na kirefu mno hulisukuma mbele. Muulize daktari wako aliuweka mguu katika pembe gani. Dada zetu wenye viatu virefu vya harusi watavumilia, kwa sababu wayo hauwezi tena kuelekea chini kuvifuata viatu hivyo.

Mdomo. Usisahau kwamba huwezi kuukunjua wayo ili uutumbukize kiatuni. Chagua kiatu chenye kamba zinazofunguka hadi karibu na vidole, au chenye vibandiko. Kijiko kirefu cha kuvalia viatu kitakuondolea taabu.

Nafasi. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Mguu uliopasuliwa huweza kuwa mnene kuliko mwenzake, basi nunua kwa kipimo cha mguu mkubwa.

UKINUNUA MITUMBA

Si kila mtu ana fedha za kiatu kipya, na hakuna aibu kutafuta kwenye mitumba. Raba nzuri za kukimbilia, zenye soli nene iliyopinda mbele, hupatikana katika marobota ya Busia na Malaba. Lakini kuwa macho.

Kiweke kiatu mahali palipo sawa, uchutame ukitazame kwa nyuma, au umwombe mwenzako akutazamie. Kikiwa kimelalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake, nao ataukurithisha. Mtu mwenye kifundo kizima huweza kujirekebisha, lakini wewe kiatu kikiinama utainama nacho.

Bonyeza soli kwa ukucha. Sponji iliyokaa miaka mingi huwa imeoza ndani, hata kama kiatu chaonekana kipya, na itamomonyoka baada ya siku chache. Ingiza mkono pia, upapase kama kuna shimo lililoachwa na kisigino cha mtu mwingine.

FUNDI WA VIATU NI MSAIDIZI WAKO

Huenda usipate kiatu cha kubiringika. Usikate tamaa. Fundi mzuri wa viatu, yule mwenye gundi, kisu na vipande vya mpira, anaweza kukutengenezea.

Mpelekee kiatu kigumu kinachokutosha vyema. Mwombe aongeze mpira chini ya soli, uwe mnene zaidi nyuma kidogo ya mahali vidole vinapoanzia, halafu upungue kuelekea ncha. Mnene sana utakuangusha, kwa hivyo anza kwa kiasi. Jaribu hapo hapo kwake, urudi na kurudi mpaka uhisi mguu unapita bila kukwama.

Kumbuka jambo la pili. Baada ya kuunganishwa, mguu huweza kuwa mfupi kwa kiasi cha sentimita moja au zaidi. Kabla ya fundi kuongeza chochote, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akupime. Kiatu kimoja kikipandishwa na kingine kikiachwa bila hesabu, kiuno huenda upande na mgongo huanza kulalamika.

Akala za matairi zina soli ngumu na hudumu, lakini hazishiki kisigino wala hazipunguzi kishindo. Kandambili nazo hazifai kwa safari. Ziache za bafuni, na hata huko uangalie utelezi.

MVUA, NYUMBANI NA KAZINI

Mvua za masika zikinyesha, kila mtu huvaa gambuti. Kwako wewe gambuti ni mtego, maana ili kuivaa sharti wayo uelekezwe chini na kifundo kijikunje shingoni mwa buti. Wengine wameivaa wakashindwa kuivua. Chagua buti fupi yenye mdomo mpana, au mwombe fundi aipasue nyuma na kuitia zipu, ingawa maji yataingia yakifika hapo.

Nyumbani usitembee peku juu ya saruji. Weka jozi moja ya ndani yenye soli laini na kisigino kidogo. Choo cha shimo huleta taabu ya kuchutama. Kigoda imara chenye tundu huimaliza taabu hiyo. Kwa Mwislamu ambaye kukaa au kusujudu kumemshinda, dini imemruhusu kuswali juu ya kiti.

Ngazini, tanguliza mguu mzima upandapo, na mguu uliounganishwa ushukapo. Kwenye mteremko punguza urefu wa hatua.

Madereva wa malori wanaongoja foleni Malaba wajihadhari zaidi. Usiruke kutoka kwenye kebini. Shuka ukiitazama gari, mkono mmoja daima umeshika. Kama mguu wa breki ndio uliounganishwa, usirudi barabarani kabla ya daktari kukuruhusu, kwa maana sasa pedali husukumwa kwa mguu wote kutoka pajani. Soli ya kubiringika huweza kuteleza kwenye pedali, basi weka kiatu kingine cha kuendeshea.

Mwendeshaji wa bodaboda aliyeunganishwa kifundo cha kushoto atapata shida kuinua gea kwa ncha ya kiatu. Pikipiki yenye mkono wa gea unaokanyagwa mbele na nyuma humrahisishia.

WAPI UTASAIDIWA?

Anza katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Busia, au hospitali iliyokupasua. Uliza kitengo cha mazoezi ya viungo na cha vifaa vya kusaidia mwili. Shirika la APDK, lililoanza kuwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo mwaka wa 1958, lina mafundi wanaotengeneza viatu maalumu na vifaa vya miguu.

Daktari akithibitisha ulemavu wako, unaweza kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengine huona haya kuitwa walemavu kwa sababu ya kifundo tu. Haya hiyo huwanyima msaada ambao sheria imewawekea. Pia hakikisha umejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na uulize ni huduma gani utalipiwa kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Hata mpaka wenyewe umepunguza hatua. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipofunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, msafiri hukaguliwa mara moja tu, katika nchi anayoingia. Kwa mwenye kifundo kigumu, foleni moja iliyopungua ni faida.

USINGOJE HIZI DALILI

Kiatu hakitibu kila kitu. Nenda hospitalini ukiona kifundo kimevimba upya na kuwa chekundu, kinatoa usaha, au una homa. Nenda pia ikiwa maumivu yanaongezeka miezi kadhaa baada ya upasuaji, kwa kuwa huenda mifupa haijashikana au skrubu imelegea. Maumivu mapya ya goti, kiuno au katikati ya wayo nayo yasipuuzwe.

Mwenye kisukari, au aliyepoteza hisia miguuni, ajikague nyayo kila jioni. Anayeishi karibu na Alupe, kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba, ambako wagonjwa wa ukoma walitibiwa kwa miaka mingi, anajua jinsi kidonda kisichouma kinavyoweza kula mguu kimyakimya.

Kiatu kipya kivae saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili, uongeze taratibu. Baada ya kila zoezi vua soksi utazame. Alama nyekundu isiyoondoka ni ujumbe kwamba kiatu kinabana, na sharti kirudishwe kwa fundi.

Kifundo chako hakitakunjika tena. Hilo ulilikubali ulipotia sahihi ya upasuaji. Lakini soko bado liko ng'ambo, watoto bado wanangoja karo, na mguu huo bado ni wako. Jioni ya leo, kabla hujaweka viatu vyako chini ya kitanda, vigeuze utazame soli zake zimelika upande gani.