Biashara ya kukata picha Singida: pesa imehamia kwenye ukingo

Chupa ya mafuta ya alizeti inamsumbua fundi wa picha kuliko bwana harusi. Suti ina mstari unaofuatika, lakini chupa inapitisha mwanga. Ikipigwa picha juu ya meza yenye kitambaa cha maua, maua yanaonekana ndani ya mafuta. Programu ikifuta kila kilichoko nje ya chupa, yale ya ndani yanabaki, na mafuta yanaonekana kama yana uchafu. Lebo yenye picha ya namna hiyo ikibandikwa kwenye bidhaa, mnunuzi anapita.

Singida ni mkoa wa alizeti, asali, vitunguu na kuku wa kienyeji, na bidhaa zote hizo zinahitaji picha safi ili ziuzike nje ya gulio. Hata hivyo, studio na stesheneri nyingi bado zinategemea picha za pasipoti. Mteja anakaa kwenye kiti mbele ya ukuta wowote, iwe ana rafu za madaftari nyuma yake au pazia lililofifia, kisha kompyuta inamwekea rangi inayotakiwa: bluu kwa pasipoti ya Tanzania, nyeupe kwa fomu nyingine nyingi. Baada ya dakika chache anaondoka na bahasha yake. Kazi nyingine huja kwa msimu, kama kadi za harusi, mabango ya mahafali ya kidato cha nne na matangazo ya mechi.

Ufundi wenyewe ni wa zamani katika ukanda huu. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikata picha kwa mkasi na kuziunganisha upya studioni kwake, miongo mingi kabla ya kompyuta kufika. Programu ya Photoshop ilipoingia sokoni mwaka 1990 mkasi ukawa kipanya, lakini jasho lilikuwa lile lile: fundi alizungusha nukta moja moja kuanzia begani hadi sikioni, na kichwa chenye nywele za kutimka kingeweza kumla saa nzima. Muda huo ndio aliokuwa akiuuza.

Desemba 2018 kampuni moja ya Austria ilizindua remove.bg, huduma ya mtandaoni inayoondoa mandhari ya nyuma kwa sekunde chache. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilinunuliwa na Canva ya Australia, na mwaka uliofuata simu za iPhone zikaanza kumtoa mtu kwenye picha kwa kubonyeza tu na kushikilia. Mwanafunzi wa Kiomboi mwenye simu na bando sasa anafanya mwenyewe kilichokuwa kikimpeleka mjini. Bei ya ukataji wa kawaida imeporomoka, na hakuna dalili kwamba itapanda tena.

Kilichobaki na thamani ni ukingo. Jogoo aliyepigwa picha majanini hutoka kwenye mashine akiwa na utando wa kijani kwenye manyoya ya shingo, na mkia wake umeliwa nusu. Hijabu nyeusi mbele ya pazia jeusi huifanya programu ibahatishe bega linaishia wapi. Hapo anatakiwa mtu anayejua kukuza picha hadi aone nukta, kulainisha kingo, kuondoa rangi iliyovuja na kurudisha kivuli chini ya miguu ili jogoo asielee hewani. Kwenye picha za viza, ukingo uliokatwa vibaya unaweza kumgharimu mteja safari. Marekani, kwa mfano, haikubali picha ambayo mwonekano wa mtu umebadilishwa kwa kompyuta, na ukataji mbovu unaonyofoa sikio ni mabadiliko tosha. Kwa kazi hizo, kitambaa cheupe cha kweli ukutani ni salama kuliko programu yoyote.

Kutegemea mtandao nako kuna gharama yake. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora nchini, hivyo aliyezoea kukatia mtandaoni alibaki na foleni mlangoni. Tena picha ya mteja ikipakiwa huko inakwenda kwenye kompyuta za nchi nyingine, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadhibiti usafirishaji wa taarifa za watu nje ya nchi. Programu ya kuhariri picha ya GIMP ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Inastahili nafasi kwenye kila kompyuta ya stesheneri.

Wakamuaji wa alizeti wa Ikungi, Iramba na Mkalama wanaolipia chupa, vizibo na vipimo vya Shirika la Viwango (TBS) wasiishie kwenye picha ya simu iliyopigwa stoo. Wampelekee fundi chupa yenyewe. Aiweke mbele ya karatasi nyeupe yenye dirisha au taa nyuma yake, ili mwanga upite ndani ya mafuta na rangi ya dhahabu ionekane yenyewe, kisha mzunguko wa chupa aukate kwa mkono. Na mafundi nao waache kuficha kazi hiyo ndani ya bei ya kuchapa. Waiandike kwenye risiti kwa mstari wake, mteja aone anacholipia.