Utelezi Ndani ya Mtungi wa Maji

Leo tunazungumzia utelezi unaojitokeza ndani ya mtungi wa maji.

Mama, ingiza kidole kwenye mdomo wa mtungi uliotumika wiki kadhaa, upapase ukuta wake. Je, unateleza? Hayo ni makao ya viini.

Viini vikiingia majini, vingi hujishikiza kwenye plastiki. Mwanzoni hushika kidogo tu na hubanduka kwa urahisi. Vikiachwa hapo, hutoa ute unaonata kama ulimbo, kisha huzaliana ndani yake. Baadaye vingine hubanduka na kurudi majini. Ndiyo sababu maji uliyochota yakiwa safi yanaweza kuchafuka yakiwa nyumbani, na mtoto akaharisha.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1680, Antoni van Leeuwenhoek wa Uholanzi alikwangua utando wa meno, akautazama kwa lenzi na kuona vijidudu hai. Aliposukutua kwa siki, vilikufa vya juu tu. Vya ndani vilisalia. Dawa ya klorini nayo huua viini vilivyo majini, lakini haipenyi vizuri ndani ya utelezi. Kusuuza tu pia hakuubandui. Lazima usuguliwe.

Basi, fanya hivi kila wiki. Kwanza, tia ndani ya mtungi maji kidogo, sabuni na changarawe safi. Funga, utikise kwa nguvu pande zote. Changarawe husugua mahali mkono haufiki, na sabuni husaidia uchafu kuachia. Pili, mwaga na usuuze mpaka povu na changarawe ziishe. Tatu, sugua mdomo na kifuniko kwa brashi. Mwisho, jaza maji safi, tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje dakika 30 kabla ya kunywa.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS na uendelee kumnyonyesha. Akilegea, akishindwa kunywa, macho yakiingia ndani au kinyesi kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Mama, kabla ya kwenda kuchota maji leo, papasa mtungi wako kwanza.