Mashine ya kung'arisha gari: Pupa huunguza rangi

MAGARI mengi yaliyotumika Japani huingia nchini kupitia Bandari ya Mombasa. Kwa kuwa kanuni za Kenya huruhusu gari lililofikia umri wa miaka minane, wanunuzi wengi huyapokea yakiwa na rangi iliyokwisha kuchoka.

Gari likikaa Likoni, Kisauni au Changamwe, hali huzidi. Chumvi inayopeperushwa na upepo wa bahari, jua kali na vumbi la barabara za malori hufifisha mng'ao. Ndipo wenyewe huwaendea mafundi ili wapigiwe mashine ya kung'arisha.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba mashine hiyo haiongezi rangi, bali huipunguza. Magari ya siku hizi huwa na rangi iliyofunikwa kwa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Unene wake mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50, na mikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Klia ikitoboka haizoleki. Dawa yake ni kupaka rangi upya, gharama inayozidi mbali ile ya kung'arisha.

Kwa hivyo, mkwaruzo unaonasa ukucha usifukuzwe hadi utoweke. Aghalabu huwa umezama mno.

Hatari kubwa zaidi ni kufunga pedi kwenye grenda ya kukatia vyuma. Grenda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya kung'arisha hurekebishwa kati ya mizunguko 600 na 3,000 hivi. Kwa kasi ya grenda, rangi huungua kabla fundi hajatambua.

Kazi hufanywa kivulini, bati likiwa limepoa. Gari huoshwa kwanza kwa maji baridi na sabuni, kwani punje moja ya mchanga chini ya pedi huchora mikwaruzo mipya. Kingo za milango, mikunjo ya boneti na mipira ya madirisha hufunikwa kwa utepe wa karatasi, maana rangi ni nyembamba zaidi penye kingo.

Fundi hodari hujaribu mahali padogo kwanza, akianza na pedi ya sponji na dawa laini. Pedi ya sufu na dawa kali hula klia upesi, hivyo huachiwa rangi iliyoharibika sana.

Eneo la nusu mita kwa nusu mita linatosha kwa wakati mmoja. Dawa hutandazwa kwa mizunguko 600, kisha kasi hupandishwa hadi kati ya 1,200 na 1,500. Pedi hulazwa bapa, uzito wa mashine ukitosha bila kukandamiza, na mkono usitulie mahali pamoja. Kila mpito hufunika nusu ya ule uliotangulia, kwanza kwa mlalo, kisha kwa wima.

Penye ukingo, pedi izunguke kuelekea nje, isije ikaukwangua. Bampa za plastiki zahitaji uangalifu zaidi kwa kuwa hazisambazi joto kama bati. Iwapo kiganja hakistahimili joto la mahali hapo, kazi isimamishwe papoe.

Kwa sababu mashine hii huzunguka upande mmoja tu, huweza kuacha michirizi ya duara inayoonekana juani, hasa kwenye gari jeusi. Huondolewa kwa pedi laini safi, dawa nyepesi na kasi ndogo.

Kabla ya kulipa, mwenye gari aombe sehemu moja ifutwe kwa alkoholi iliyozimuliwa, kisha aitazame juani. Mafuta ya dawa huficha mikwaruzo, nayo hujitokeza tena baada ya kuosha gari mara chache.

Hatimaye, nta ipakwe ili kuikinga rangi, na chumvi ioshwe mara kwa mara. Gari linalotunzwa hivyo halihitaji mashine kila mwaka, na klia yake hudumu zaidi.