Fahamu: Sheria mpya inampa nini mfanyakazi mwenye ulemavu?

Mnamo Mei 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 2003 ambayo, ijapokuwa ilikataza ubaguzi kazini, aghalabu ilibaki maandishi matupu.

Mwajiri anadaiwa nini?

Kila mwenye wafanyakazi 20 au zaidi hana budi kuwatengea watu wenye ulemavu asilimia 5 ya nafasi za ajira, yaani wawili katika kila 40, na kupafanya mahali pa kazi pawafae.

Kilungu je?

Katika eneo hili la vilima la Kaunti ya Makueni, ambako njia za mji wa Nunguni ni kupanda na kushuka, karani hodari mwenye kiti cha magurudumu huweza kuzuiliwa na vidato vitatu tu vya mlangoni. Basi faradhi ya mwajiri ni kumjengea mteremko, wala si kumwambia kwamba kazi haimfai. Walakini maduka ya sokoni, madhali hayafikishi watu 20, hayaguswi na sharti la asilimia.

Kinga ya mfanyakazi wa maduka hayo mwenye ulemavu iko wapi?

Imo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 5 kinaharamisha ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Na shauri likifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.