Binti Sultani Aliyejifundisha Kuandika

Mzee mmoja wa hapa Tabora alitujia baada ya mafundisho, akatuuliza: "Mwalimu, binti yangu amekwisha jua kusoma. Kuandika kutamfaa nini?" Hatukumjibu upesi. Jioni tulimsimulia habari za Seyyida Salme wa Unguja, nasi twapenda ninyi wasomaji mzisikie.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, baba yake Seyyid Said. Siku zile binti wa jumbani alifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakuruhusiwa. Basi akatwaa mfupa wa bega la ngamia uwe ubao wake, akanakili herufi kwa siri hata mkono ukazoea. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumnyang'anya ndugu yake Majid ufalme, mwandishi wa barua za siri alikuwa msichana huyo wa miaka kama 15. (Hapo mzee alicheka, akasema hilo ndilo hasa aliogopalo.)

Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa jina la Emily, akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi. Mjane akafundisha Kiarabu wapate kula, akihama mji kwa mji, hata Rudolstadt, mji mdogo wa Ujerumani. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake, awaeleze Wazungu hali ya wanawake wa kwao, kwani wengi walisema wasiyoyajua.

Walakini liko neno ambalo sisi wa Tabora hatuwezi kulipita. Katika kitabu kile kile aliutetea utumwa. Njia ya misafara, itokayo Ujiji kupitia Unyanyembe hata Bagamoyo, iliona mateka wengi wenye minyororo shingoni, na mashamba ya karafuu ya Unguja yalilimwa na watumwa. Tena mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa mtumwa aliyenunuliwa kutoka nchi ya Circassia! Aliyeonja uchungu wa kunyimwa kalamu hakuutambua uchungu wa mateka. Hamburg uliuita uwanja mmoja kwa jina lake mwaka 2019, na kwa ajili ya maneno hayo ukakata shauri mwaka 2020 kuliondoa. Twaona walitenda haki. Lakini kitabu na kisomwe, chote.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza daftari la mistari ni bei gani sokoni.