Bukavu: Betri yenye namba kubwa ndiyo ya kuogopa

Wakaaji wengi wa Bukavu wana desturi moja ambayo mgeni haielewi haraka. Jioni, wakati umeme hauko, wanachomeka kila kitu kwenye prizi: simu, tochi, pawabanki, redio. Kisha wanalala. Umeme utarudi saa ngapi, hakuna anayejua. Labda saa nane za usiku, labda kesho kutwa. Ukirudi, vyote vinaanza kuchaji vyenyewe huku watu wa nyumba wanakoroma, na chaja mara nyingi iko juu ya godoro au kando ya pazia, kwa sababu prizi ya nyumba ni moja na iko pale.

Hapo ndipo betri mbaya inapopata nafasi yake. Na betri mbaya zimejaa mjini. Kuanzia soko la Kadutu hadi Nyawera, kwenye meza za wauzaji wa tochi na vifaa vya simu, utaona mirundo ya betri za mviringo, nene kama kidole gumba, zimevikwa plastiki nyekundu, ya buluu au ya zambarau. Juu yake imeandikwa namba: 6800 mAh, 8800 mAh, 9900 mAh. Wazee wanaziita mawe, kama yale mawe ya redio ya zamani. Lakini jiwe la redio likichoka linavuja na kuharibu redio. Hili likiharibika vibaya linawaka moto.

Jina lake la kiufundi ni 18650. Maana yake ni rahisi: upana wa milimita 18, urefu wa milimita 65. Ndani yake mna lithiamu, ufundi ambao kampuni ya Sony iliuingiza sokoni mwaka 1991. Ndiyo betri iliyo katika tochi za kuchaji, pawabanki nyingi, kompyuta za kubeba za miaka ya nyuma, redio za jua, na sigara za umeme ambazo baadhi ya vijana wa mji wameanza kuvuta. Kusini mwa nchi, huko Kolwezi, kunachimbwa kobalti inayoingia katika betri nyingi za aina hii, na Kongo peke yake inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Madini yanatoka kwetu, yanakwenda China, na baadaye tunauziwa plastiki nyekundu yenye namba ya uongo.

Uongo wenyewe uko wapi? Ile mAh inaonyesha betri inabeba umeme kiasi gani. Katika chombo cha ukubwa huu, viwanda bora vya dunia vimefika kwenye 3500 au 3600, na chache za mwisho kabisa zinakaribia 4000. Hakuna anayeweza kutia 9900 mle ndani, kama vile huwezi kutia bidoni mbili za mafuta katika bidoni moja. Kwa hiyo namba ikipita 4000, huna haja ya kuuliza tena. Muuzaji atakuambia, "Papa, hii ina nguvu kuliko ile." Kwa kweli ile yenye 2500 ndiyo yenye nguvu. Ni biashara ya ajabu: anayesema ukweli anaonekana dhaifu, na mnunuzi anampita.

Mimi mwenyewe nilianguka. Nilinunua mbili za 9900 kwa ajili ya tochi ya nyumbani, zikakaa wiki tatu, tochi ikaanza kufa kabla watoto hawajamaliza kula. Nilizipeleka kwa rafiki anayenunua dhahabu. Ana mizani ile ndogo ya elektroniki, na katika mji wetu mizani hiyo haikosekani. Moja ilipima gramu 29, nyingine 31. Tukaweka betri iliyotolewa katika kompyuta ya zamani, bado ina plastiki ya kiwanda: gramu 45. Betri ya kweli ya 18650 inapima kati ya gramu 43 na 50 hivi. Ikipima 30, ujue kwamba kilicho ndani ni kidogo kuliko ganda lake.

Mafundi waliozipasua nyingine za aina hiyo, huku na kwingineko duniani, wamekuta betri ndogo kama ya tochi ya mtoto imefichwa ndani ya kopo kubwa. Nyingine zimejazwa unga ili zipate uzito kidogo. Ndiyo maana mizani inaweza kuhukumu, lakini haiwezi kuachilia. Nyepesi ni mbaya hakika. Nzito bado inahitaji kuchunguzwa.

Njia nyingine haidai mizani, inadai saa tu. Angalia nyuma ya chaja inatoa miliampea ngapi kwa kila betri. Ikiwa ni 1000, betri iliyokwisha kabisa ya 9900 ingehitaji zaidi ya masaa kumi kujaa. Yangu iliwasha taa ya kijani baada ya dakika 50. Fanya hesabu: haikuweza kuingiza hata 900. Betri ya kweli ya 3000 kwenye chaja hiyohiyo inachukua masaa matatu hadi manne. Tunafurahi betri inapojaa haraka, kumbe ni dalili ya tumbo dogo.

Kuna pia wanaovaa majina makubwa. Samsung, LG, Panasonic na Murata wanatengeneza betri hizi kweli, na namba zao ni za adabu: Samsung 25R ni 2500, 30Q ni 3000, 35E ni 3500. Lakini plastiki ya kuvika ni rahisi kununua na kuchapisha. Mtu anatoa betri iliyochoka katika mashine ya kutobolea au kompyuta, anaivua, anaivika upya, anaiita mpya. Tazama maandishi: yawe yamenyooka, yasifutike kwa kucha. Tazama kichwa cha chanya: betri tupu za Samsung na LG kwa kawaida zina kichwa bapa, hivyo ukiona jina lao na chuchu imechomoza, mtu mwingine ameishika baada ya kiwanda. Tafuta alama za kuchomelewa kwenye ncha. Hizo ni za betri iliyokuwa ndani ya kifaa kingine. Na Sony waliuzia Murata kazi yao ya betri mwaka 2017, basi anayekuuzia Sony "ya mwaka huu" aeleze aliitoa wapi.

Kwa anayevuta sigara ya umeme, hesabu ni kali zaidi. Sizungumzii hapa madhara ya nikotini kwa mapafu na moyo, hiyo ni habari yake. Nazungumzia moto ulio sentimita chache kutoka kwenye uso. Tochi inavuta umeme polepole. Sigara ya umeme yenye betri ya kutoa inavuta kwa kishindo: ukiwa na waya wa omu 0.5, betri iliyojaa ya volti 4.2 inatoa zaidi ya ampea 8. Ukiwa na omu 0.2, ni ampea 21. Samsung 35E, ijapo ni betri nzuri na ina namba kubwa, inaruhusiwa ampea 8 tu kwa mfululizo. 25R, yenye namba ndogo, inaruhusiwa 20. Hata kati ya betri za kweli, namba kubwa ya mAh siyo ya kukimbilia. Betri ya bandia haina namba ya ampea ya kuaminika hata kidogo. Ikizidiwa inachemka, gesi inakosa pa kutokea ndani ya bomba la chuma, bomba linapasuka. Marekani, watu wawili walikufa hivyo kwa kulipukiwa na sigara za umeme, mmoja Florida mwezi wa tano 2018, mwingine Texas mwezi wa kwanza 2019. Mwezi wa kwanza 2021 tume ya nchi hiyo ya usalama wa bidhaa, CPSC, iliwaonya watu wasinunue kabisa betri za 18650 zinazouzwa mojamoja, kwa sababu viwanda vinazitengeneza ziwekwe ndani ya vifaa vyenye ulinzi.

Huku kwetu kusema "usinunue kabisa" ni kusema "kaa gizani". Mawazo yangu ni haya. Kwa sigara ya umeme, kataa betri ya mezani, iwe ina jina gani. Kifaa chenye betri ya ndani kina hatari ndogo kuliko hiyo, na kuacha kuna hatari ndogo zaidi. Kwa tochi na redio, afadhali betri kuukuu ya kompyuta, yenye plastiki yake ya asili, ambayo fundi ameipima volti na kuiacha siku chache aone kama inashuka, kuliko "mpya" ya 9900. Ile kuukuu ilikuwa ya kweli siku moja. Betri ambayo kipimo kinaonyesha iko chini ya volti 2.5 isifufuliwe, hata fundi akijisifu.

Nunua katika butiki yenye mlango, siyo kwa mtu anayehama na sinia. Omba karatasi ya kununua. Mwambie utarudi nayo ikijaa kwa saa moja, kisha angalia uso wake. Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, ina kazi ya kupima ubora wa bidhaa zinazoingia, lakini betri mia moja zinaingia katika mfuko wa mkononi, na mifuko inayovuka daraja la Ruzizi kila siku ni mingi kuliko macho ya mkaguzi yeyote.

Namna ya kubeba nayo ina maneno. Ganda zima la betri ni hasi, na chanya iko pale juu, milimita chache tu kutoka kwenye ukingo. Plastiki ikichanika, kitu chochote cha chuma kinaziunganisha. Sarafu hatuna tena mfukoni, lakini funguo tunazo. Iweke katika kikopo cha plastiki, na yenye plastiki iliyochanika usiitumie.

Tukirudi kwenye prizi: sisemi kwamba mioto ya Kadutu inatoka kwenye betri. Mara nyingi zinatajwa nyaya mbovu, mishumaa na mbabula. Lakini nyumba za mbao zimeshikana kwenye mteremko, na gari la kuzima moto, hata likija, halipiti katika vijia vile. Chaji betri juu ya sahani ya chuma au sakafu ya simenti, mbali na nguo, mtu akiwa macho. Ukilazimika kulala, chomeka simu, lakini betri hizi za kutoa ziache hadi asubuhi. Ikivimba, ikitoa harufu tamu ya rangi au ikilia kama chungu kinachochemka, kata umeme kwanza, toa watoto, kisha mwagia maji mengi kutoka mbali. Usiishike na usivute moshi wake.

Zilizokufa ni mzigo mwingine. Ukizitupa mferejini, mvua inazipeleka ziwani Kivu pamoja na machupa ya plastiki, na takataka hizo ndizo zinazokusanyika mbele ya bwawa la Ruzizi na kuziba mitambo inayotupa umeme. Umeme ukikatika, tunarudi sokoni kununua betri.

Zangu mbili ziko nje ya nyumba, ndani ya kopo la maziwa lenye mchanga, ncha zake nimezifunga kwa skochi. Nimeuliza kwa mafundi watatu nani anazipokea. Mmoja aliniambia nimwachie, atazivika plastiki mpya.