POPURI: UNAUZA PAMBO AU UNAUZA HARUFU?

Leo tuongelee vile vimaua vikavu vya kunukia ambavyo watu wanaweka kwenye bakuli sebuleni. Jina lake ni popuri.

Mimi nilianza kuviuza bila kujua chochote. Nikachukua pakti 40 kwa mtu wa jumla, nikapiga picha kali, mzigo ukaisha ndani ya wiki. Mwezi haujaisha, meseji zikaanza: "Dada, mbona hainukii tena?" Watu watano niliwarudishia hela. Faida yote ikaondoka. Ndo nikakaa chini nisome hii kitu imetokea wapi.

Jina ni la Kifaransa, pot pourri, maana yake chungu kilichooza (usimwambie mteja mapema 😂). Wafaransa walilitoa kwa Wahispania, kwao lilikuwa jina la mchuzi wa nyama na mboga mchanganyiko. Miaka ya 1700 likahamia kwenye maua. Na kuoza kulikuwa kwa kweli: maua ya waridi yanakaushwa nusu, yanapangwa safu kwa safu na chumvi ndani ya chungu, yanaachwa wiki kadhaa yachache, kisha yanatiwa karafuu, mdalasini na unga wa mizizi ya ua la airisi ili ushike harufu isitoroke. Hiyo inaweza kunukia miaka. Ila kuiangalia sasa! Ya kahawia, imelowana, huwezi kumwekea mgeni mezani.

Kwa hiyo uzuri ukahamia kwenye chombo. Kiwanda cha kauri cha Sèvres, Ufaransa, kilitengeneza vyombo vya popuri vyenye mifuniko ya matundu, harufu itoke, uozo usionekane. Kuna cha umbo la merikebu, Madame de Pompadour, kipenzi wa mfalme Louis XV, alikuwa nacho. Leo viko makumbusho.

Hizi zetu ni aina ya pili, kavu. Maua, maganda ya machungwa na vipande vya mbao vinakaushwa kabisa, vinabaki na umbo, vingi vinatiwa rangi, halafu vinamwagiwa mafuta ya kunukia. Ndo maana zinakaa bakuli la wazi, zinapendeza. Lakini mafuta yakipaa, harufu imeisha. Ukiweka karibu na feni au dirishani kwenye jua ndo kabisa.

Siku hizi kwenye tangazo naandika wazi: "Pambo la meza, harufu ni ya muda." Pakti naiuza pamoja na kichupa cha mafuta, mteja anadondoshea matone machache harufu ikipungua. Anayetaka harufu ikae zaidi namshauri achukue bakuli lenye mfuniko, afungue wageni wakija. Naongezea na karafuu nzima za Pemba kidogo, hapo hata nisipotia rangi mteja anarudi.

Wenye watoto wadogo waambie waweke juu, watoto wanadhani ni chipsi.